Laptop Nyuma ya Pazia la Mama Mkwe

Osundwa aliiona laptop kabla hajamwona mwenye kuitumia, na hivyo ndivyo alivyozoea: kitu kwanza, mtu baadaye. Ilikuwa siku ya soko pale Shianda, mwendo wa saa nne asubuhi. Laptop ilikaa kwenye meza ya mbao, katika veranda ya duka la mbegu, imetandikiwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya manjano kama keki ya harusi. Kando yake kulikuwa na printa, na juu ya printa kibao kilichoandikwa kwa rangi ya mlango: TUNACHAPA PROGRAMU ZA MATANGA, KADI ZA HARUSI NA BARUA ZA KUOMBA KAZI.

Miaka ile miwa ilikuwa inalipa. Mtu akivuna alinunua bati. Akimaliza bati alinunua makochi, na akimaliza makochi aliketi juu yake akiwaza ni kitu gani kingine ambacho jirani hana. Ndivyo laptop zilivyoingia vijijini. Kule Navakholo kulikuwa na mzee aliyeiweka yake ghalani juu ya mahindi ili isipatwe na baridi. Jirani yake aliifungia ndani ya sanduku, akapoteza ufunguo, na kanisani akaendelea kuheshimiwa kwa kuwa na laptop.

Penye mali Mungu hakosi kuleta mlinzi, na kwa kazi hiyo Osundwa alikuwa amejituma mwenyewe. Alivaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa kwenye magoti. Shingoni alining'iniza kitambulisho cha plastiki chenye picha yake mwenyewe akitabasamu. Begani alibeba begi jeusi, na ndani ya begi zilikuwamo fomu.

Fomu zile zilikuwa kazi ya mtu mwenye akili. Ziliuliza jina la mwenye laptop. Ziliuliza neno la siri. Ziliuliza laptop hulala chumba gani, na siku ya soko nani hubaki nyumbani. Mwisho kabisa ziliuliza jina la mbwa, na chakula anachokipenda mbwa. Watu walijaza kwa mwandiko wa kuringia. Ukishamaliza, Osundwa alikubandikia stika isemayo LAPTOP HII INALINDWA, akakushika mkono kwa mikono miwili, akaenda zake. Wiki moja baadaye alirudi kuichukua laptop, pamoja na stika yake. Kule Chekalini, kwa mwalimu mmoja aitwaye Kibiwott, alimwita mbwa kwa jina lake, Polisi, akamtupia pafu la ng'ombe, na Polisi akamsindikiza mpaka barabarani akitikisa mkia.

Kwa hiyo asubuhi ile, chini ya fomu, begi lilikuwa na laptop tatu. Mnunuzi aliyekuwa akimsubiri mjini Kakamega alikuwa ametaka nne. Tatu, alisema mnunuzi, ni wizi. Nne ni biashara.

"Mulembe, dada," Osundwa alimwambia msichana wa pale mezani. "Laptop yako imechanjwa?"

"Mulembe. Kwani imeumwa na nini?"

"Na wezi. Bado, lakini itaumwa. Wanakuja na msimu, kama homa."

Msichana huyo aliitwa Alice. Alikuwa na vidole vyepesi na macho yasiyo na haraka. Aliichukua fomu akaisoma yote, jambo ambalo hakuna mteja mwingine aliyekuwa amelifanya.

"Hapa mnataka neno la siri."

"Tulitunze."

"Nikikupa, litakuwa siri ya nani?"

"Yetu sisi wawili. Siri ya mtu mmoja, dada, ni upweke tu."

Alice alicheka kidogo. "Niliweka neno la siri kwa sababu ya binamu zangu. Walikuwa wanakujanga kila Jumapili kutazama mieleka, wanakula mandazi juu yake. Hata mama halijui. Sasa nikuambie wewe uliyetoka wapi?"

"Basi liache. Andika tu inapolala."

"Mambo ya nyumbani uliza mama. Ni miwa yake ilinunua hii. Miezi kumi na minane shamba zima lilikaa na miwa, na siku ya kuvuna tulirudi nyumbani na hii peke yake. Ikipotea, mimi ni jembe moja kwa moja." Alisema hivyo bila kulia shida, kama mtu anayekutajia barabara inakokwenda. "Saa saba naipeleka nyumbani nikienda kula. Siiachangi hapa. Ngoja saa hiyo, twende ukamwelezee."

Osundwa alishukuru kimoyomoyo. Akina mama wa miwa alikuwa akiwapenda. Walimpa chai, wakamwonyesha vyumba.

Mama yake Alice aliitwa Nanjala. Alikuwa mama mfupi, mjane, mwenye leso mbili kiunoni, na walipofika alikuwa ameketi sebuleni akimenya njugu ndani ya ungo. Nyumba ilikuwa safi. Makochi yalikuwa na vitambaa mgongoni na mikononi, hata redio ilikuwa na kitambaa chake. Upande wa kulia kulikuwa na chumba cha mama, ambacho hakikuwa na mlango, maana tangu Pasaka fundi alikuwa akisema kesho. Palining'inia pazia la maua mekundu, jepesi, ambalo mbuzi angeweza kulipita bila kupunguza mwendo.

Macho ya Osundwa yalilipima pazia lile yakaridhika.

Akaeleza habari ya wezi. Akaeleza habari ya ulinzi. Alieleza vizuri hivi kwamba yeye mwenyewe aliingiwa na hofu. Mama Nanjala alimsikiliza mpaka mwisho, akapeperusha maganda ya njugu, akasema:

"Maneno ni mazuri, baba. Lakini wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni mfanyakazi wa ulinzi, mama."

"Hiyo ni kazi. Nimeuliza mtoto wa nani. Mtu ambaye sijui kwao sitamwambia mbwa wangu anaitwa nani."

Hapa inafaa tuseme ukweli kuhusu ulimi wa Osundwa. Ulikuwa unatangulia. Kichwa kilikuwa kinafuata nyuma, kikihema, kikikuta mambo yameshasemwa. Ukutani, juu ya redio, palikuwa na picha ya harusi ya binti mkubwa wa nyumba ile, na chini yake maandishi ya dhahabu: Sellah na Mukhwana, Chekalini.

"Lo," ulimi ukasema. "Huyu si ndugu yangu Mukhwana?"

Mama Nanjala alimenya njugu ya kwanza. Akamenya ya pili. Akamenya ya tatu.

"Unamjua Mukhwana?"

"Kumjua, mama? Tumenyonya ziwa moja. Mimi ndiye ninayemfuata." Na kwa kuwa alikuwa ametoka Chekalini majuzi tu, akamwaga habari: kinu cha unga cha pale kituoni, kanisa lenye bati la bluu, mahindi ya mwaka huu yalivyosimama. "Siku ya harusi nilikuwa safarini. Imeniuma mpaka leo."

Mama Nanjala aliinuka taratibu. Alifungua leso moja kiunoni akajifunika kichwa. Osundwa alinyoosha mkono; yeye aliuficha wake ndani ya leso na kugeuza uso upande wa dirisha.

"Alice," aliliambia dirisha, "mwambie mkwe karibu sana."

Hapo ndipo kichwa cha Osundwa kilipofika, kikihema.

Ndugu wa mkwe ni mkwe. Osundwa aliyajua haya kama alivyojua jina lake, kwa kuwa alilelewa na nyanya yake huko Navakholo, na nyanya hakuwa mtu wa kurudia somo. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Hamtazami machoni. Haketi kiti chake. Na chumba anacholala mama mkwe, mkwe haingii, iwe mvua, iwe moto, iwe nyoka. Wanasema ukiingia mikono yako itatetemeka mpaka uzeeni na meno yatakutoka moja moja kama punje za mahindi. Hakuna aliyewahi kuthibitisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kuingia.

Alice aliikunja laptop yake ndani ya leso, akapita nayo nyuma ya pazia. Osundwa alisikia kitanda kikilia kwii. Msichana akarudi, akaushika mkanda wa begi jeusi.

"Lete, shemeji. Mkwe hakai na mzigo miguuni."

"Acha tu, dada, ni jepesi."

"Jepesi gani? Fomu zenu zimeandikwa kwenye mawe?"

Kuvutana begi na shemeji mbele ya mama mkwe ni aibu. Osundwa aliliachia. Kitanda kililia mara ya pili, kwa sauti nzito zaidi.

"Alice," lilisikia dirisha tena, "muulize mkwe kama ingokho anakula."

"Shemeji, mama anauliza kama unakula kuku."

"Mwambie mama asijisumbue."

"Mama, anasema usijisumbue."

"Mwambie nimeshajisumbua."

Mama akatoka kwenda kukamata kuku. Alice akatoka kwenda kisimani. Osundwa akabaki peke yake.

Kwa miaka sita alikuwa amemwomba Mungu nyumba ya namna hii: wenyewe wako nje, mbwa amelala, chumba hakina mlango, na kitandani laptop nne zimepangwa pamoja, hesabu kamili ya mnunuzi. Mungu alikuwa amejibu mpaka kwenye nukta. Osundwa aliinuka. Ilikuwa hatua sita. Alikwenda tano.

Ya sita ilikataa.

Alijielewesha kwa upole. Mukhwana si ndugu yako, alijiambia, hujawahi hata kumwona. Huyu mama si mkwe wako. Huu ukwe umeutunga mwenyewe, umekaa kwenye kochi ukautunga, hata robo saa haujafikisha. Kichwa kilielewa na kukubali. Miguu ilikuwa haijaambiwa. Alijaribu wa kulia, akajaribu wa kushoto. Alifunga macho akidhani labda asipoona haitahesabiwa, na gizani humo akamwona nyanya yake waziwazi, ameshika mwiko.

Alirudi kwenye kochi, akajaribu meno yake kwa ulimi. Yalikuwa yote.

Alice alirudi na maji. "Shemeji," Osundwa alimwita kwa sauti ya mgonjwa, "niletee begi langu. Dawa ya presha iko ndani."

Alice alitoka kwenda kuuliza jikoni, akarudi. "Mama anasema dawa hunywewa baada ya chakula. Hakuna mkwe ametoka hapa bila kula. Watu watasema nini?"

"Basi nitolee fomu moja tu."

"Anasema fomu pia ni baada ya chakula."

Jikoni mafuta yalianza kuchacharika. Harufu ya kitunguu iliingia, ikafuatwa na ya kuku, na kwa mbali, kutoka shamba la jirani, zilisikika panga za wakata miwa, pa, pa, pa, bila kuchoka. Saa ilikwenda. Mnunuzi wa Kakamega hakuwa mtu wa kusubiri.

Ndipo Osundwa alipoona miwa. Ilikuwa imeegemezwa pembeni mwa sebule, mitano, mirefu, ya kutafuna. Mtu asiyekuwa na elimu angeona miwa. Osundwa aliona mkono. Nyanya alikuwa amekataza mguu, amekataza jicho. Kuhusu muwa hakuwa amesema kitu.

Aliuchagua mrefu kuliko yote, wenye tawi la mizizi lililopinda mwishoni kama ndoano. Akapiga magoti mbele ya pazia. Kwa heshima akageuza uso nyuma na kuyatazama makochi, na bila kuona chochote akaupitisha muwa chini ya pazia, akaupandisha, akapapasa. Aligonga mbao. Akagonga kitu laini. Akaupeleka kushoto, akasikia kitu kimenasa, chenye uzito wake, na moyo ukamruka. Akavuta. Polepole, sentimita kwa sentimita, jasho likimshuka mpaka ndani ya tai, akavuta mpaka kitu kikatokeza huku nje, akakiwahi kwa mkono, akakikumbatia kifuani.

Kilikuwa petikoti. Nyeupe, yenye lesi chini, iliyokunjwa vizuri kwa ajili ya Jumapili.

Na mlangoni alikuwa amesimama Alice, na birika la kunawia mikono.

"Shemeji," alisema Alice.

"Shemeji," alisema Osundwa.

"Hiyo ni ya mama."

"Naiona."

"Na huo muwa?"

Ulimi wa Osundwa, ambao ulikuwa umemtumikia Navakholo, Chekalini na masoko yote ya katikati, ulifungua mdomo, ukatazama huku na huku, ukarudi kulala.

Alice aliweka birika chini kwa taratibu kubwa. Hakupaza sauti. "Kuingia ni jambo moja," alisema. "Mtu anaweza kupotea njia. Lakini kushika nguo ya ndani ya mama mkwe, hiyo siwezi kukuamulia mimi. Ni ya wajomba. Bahati nzuri wako hapo tu, ndio wale wanakata miwa. Nitawaita waje hivyo walivyo. Wewe keti, kuku ameiva."

Osundwa alizisikiliza panga. Pa, pa, pa. Ghafla zilinyamaza, pengine watu walikuwa wanakunywa maji tu, lakini hakuna muziki uliowahi kumwingia mtu kama kimya kile.

"Shemeji, nimepigiwa simu," alisema. "Kuna msiba."

"Sijasikia simu ikilia."

"Ni msiba mkubwa. Mwambie mama nitarudi."

"Na begi?"

Hilo lilikuwa swali zito. Osundwa alilitazama pazia. Pazia lilitikiswa kidogo na upepo, likatulia. Mle ndani kulikuwa na kazi yake ya mwezi mzima, na hatua iliyobaki ilikuwa moja.

"Likae," alisema. "Begi la mkwe haliharibiki ukweni."

Alikuwa ameshafika kwenye ua wa michongoma aliposikia mtu akimwita. Alikuwa Mama Nanjala mwenyewe, leso kichwani, uso umegeukia migomba, na mkononi kuku hai aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Alimweka chini katikati ya njia, akarudi nyuma hatua kumi.

"Mwambieni mkwe," aliiambia migomba, "ukweni watu hawatoki mikono mitupu."

Na kwa kuwa mkwe hawezi kukataa, Osundwa alimwokota kuku. Ndivyo alivyoiacha Shianda, suti ya kijivu na kuku kwapani, na kila aliyekutana naye barabarani alimpisha kwa adabu. Hata pikipiki iliyokuwa ikija kwa kasi kutoka upande wa Lugari, njia ya Chekalini, imebeba abiria wawili wenye vumbi mpaka kwenye nyusi, ilipunguza mwendo. Abiria wa nyuma akamwuliza kama umetoka ukweni, bwana, na Osundwa akajibu ndiyo, na abiria akasema wamekuheshimu, huyo ni kuku mkubwa.

Abiria huyo alikuwa Mukhwana. Wa mbele yake alikuwa mwalimu Kibiwott, amefumba macho kwa vumbi; na wote wawili walikuwa wakimtafuta mwizi mwenye begi, si mkwe mwenye kuku.

Alice alikuwa amempigia shemeji yake simu kutoka kisimani. "Ndugu yako yuko hapa," alimwambia, na Mukhwana akauliza ndugu gani, mama alizaa wasichana saba akamalizia na mimi. Kisha akauliza kama huyo ndugu ana suti ya kijivu na fomu, maana kuna mwalimu huku analia tangu wiki jana. Lakini Mama Nanjala hakuhitaji simu. Alikuwa ameketi na mama yake Mukhwana siku tatu za harusi, na siku zote tatu alikuwa amesikia habari ya wale wasichana saba.

"Ulijua tangu mwanzo?" Alice alimwuliza. Walikuwa mezani sasa, wote wanne, Mukhwana na mwalimu upande wa pili, na ingokho katikati na obusuma inafuka.

"Tangu njugu ya kwanza. Ya pili nilikuwa nafikiria nipige nduru. Ya tatu nikaona nikipiga nduru wale vijana watakuja na panga zao na atakufa hapa uani kwangu. Na programu ya matanga ungeichapa wewe, bure." Alijimegea ugali. "Nikaona, kama amejiita mkwe, basi awe mkwe."

Mwalimu Kibiwott alikuwa ameshafungua laptop yake. Ilikuwa na stika mgongoni. Aliandika neno la siri, na picha ilipotokea ya mke wake na watoto mbele ya shamba la mahindi, na Polisi amelala miguuni pao, alitoa miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Zile mbili nyingine walikubaliana zipelekwe kwa naibu wa chifu Jumatatu asubuhi, zitangazwe makanisani mpaka wenyewe wapatikane. Ya Alice ilikuwa imerudi juu ya kitambaa chake, na yeye alikuwa ameshaiwasha, kwa sababu kulikuwa na matanga Ijumaa na programu ilikuwa bado haijaisha.

"Lakini mama, kumpa kuku," alisema Alice. "Mwizi, na bado unampa kuku."

"Ile nyekundu," alisema mama. "Inayokula mayai yake."

Mukhwana alicheka mpaka akakosa pumzi, na kwa kuwa alikuwa mkwe wa kweli, alicheka akitazama ukutani.

Mwalimu, aliyekuwa mtu wa ushauri, akasema laptop isilindwe kwa bahati. Kuna waya wa chuma, alieleza, una kufuli; unaufunga kwenye mguu wa kitanda, na mtu akitaka laptop itabidi abebe na kitanda. Yeye mwenyewe angenunua kesho. Mukhwana akauliza waya wa nini, na pazia lile lipo? Kwani mwalimu hakusikia lilivyofanya kazi?

Mama Nanjala alilitazama pazia lake la maua mekundu. Alilitazama kwa upendo, kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyezaa pacha. Kisha akatikisa kichwa.

"Nunua waya, Alice," alisema. "Si kila mwizi amelelewa vizuri."